Ndege ya Punje Tisini na Mbili

Barua ilikuwa fupi. Ilinishukuru kwa mwaka mmoja wa utumishi, ikaeleza hali ilivyo, na kwenye mstari wa nne ikasema ofisi imelazimika kupunguza wafanyakazi. Niliisoma nimesimama kwenye korido, watu wakinipita. Ningetegemea kuwaza kodi ya chumba, au namna ya kumwambia mama. Badala yake ilinijia harufu ya nta ya nyuki, kali na safi, kana kwamba mtu alikuwa akiiyeyusha nyuma ya mlango wa mhasibu.

Nilirudi kwenye meza yangu nikakaa. Mimi ni mtu wa kuligeuza jambo moja mara ishirini kabla sijalala, na la ishirini na moja huniamsha. Lakini siku ile nilikuwa nimechoka hata kugeuza. Niliacha tu harufu ile inipeleke ilikotaka, nayo ikanipeleka Mwaya, kule Kyela, kwenye ghala la ushirika, kwa baba.

Tuliokuwa watoto miaka ile tunalikumbuka hilo neno, kupunguzwa. Lilikuwa redioni, lilikuwa vibarazani, lilikuwa kwenye mazungumzo ya wakubwa waliodhani hatusikii. Fulani amepunguzwa. Wa bandarini wamepunguzwa. Kwetu wakubwa walizungumza Kinyakyusa, na mimi nilikuwa nimezoea kuyaacha maneno yao yapite kama mvua ya Kyela inavyopita juu ya bati, siku nzima bila mtu kuisikiliza. Lakini neno hili halikuwa na Kinyakyusa chake. Lilikuja na Kiswahili chake, likadondoka katikati ya sentensi ya mama kama jiwe kwenye mchele, ndiyo maana nililisikia.

“...bampunguzile,” mama alimwambia jirani yetu, Mama Atupele, huku wakipepeta. Hata alipolivalisha Kinyakyusa lilibaki Kiswahili.

Mama Atupele aliacha kupepeta. “Na yeye?”

“Na yeye.”

Huyo “yeye” alikuwa baba, karani wa mizani. Katika ghala lile palikuwa na mizani kubwa ya sahani ya chuma, mtu na gunia lake waliweza kusimama juu yake pamoja, na baba ndiye aliyesogeza kile kipande cha shaba kwenye mkono wa mizani mpaka mkono ukatulia. Mpunga, kokoa, vyote vilipita mbele yake. Alikuwa na mazoea ya kunipima kila Ijumaa baada ya kufunga. Nilivua kandambili, nikasimama katikati ya sahani nikiwa nimebana pumzi, naye akasogeza kile kipande kidogo kidogo kwa kucha.

“Kilo kumi na tisa na robo,” alisema. “Umeongezeka. Mwambie mama yako chakula kinaonekana.”

Hakuhitaji hata mizani. Alikuwa akinyanyua kitu, chochote, embe, kiatu, kuku wa mtu, akataja uzito wake, na watu wakabishana naye kwa ajili ya kucheka tu, kisha wakakipeleka kwenye mizani na kukuta ni vilevile.

Halafu wanunuzi binafsi wakaanza kuja na malori yao mpaka mashambani, na mizani zao za kuning'iniza kwenye tawi. Watu hawakuwa na sababu tena ya kubeba gunia hadi kwetu. Ghala likabaki na mwangwi. Siku moja likaja lori likaichukua hata mizani yenyewe. Zikabaki boliti nne zimesimama kwenye sakafu ya saruji, na katikati yake alama ya mraba ya sakafu safi ambayo haikuwahi kukanyagwa. Ijumaa ile nilienda nikavua kandambili kama kawaida. Baba alinitazama, akatazama zile boliti, akasema, “Vaa. Sakafu ina baridi.”

Hapo ndipo baba alipoanza kuunda ndege ndogo. Sijui siku gani hasa, ila najua kwamba baba alikuwa bado na ufunguo. Walimwambia aulinde mpaka apatikane mpangaji, naye aliendelea kwenda kila asubuhi kulifagia ghala tupu. Nilikuwa katika darasa la pili, zamu ya mchana, kwa hiyo asubuhi nilikuwa wake.

Alikuwa na hadithi ya Mzungu aliyekuja kufunga mizani ile, zamani, kabla sijazaliwa. Mzungu yule alikaa wiki nyingi akisubiri kipuri kutoka kwao, na katika kusubiri akatengeneza ndege ya kuruka ndani ya nyumba. Haikuwa ya kuchezea nje. Ilikuwa nyepesi kiasi kwamba upepo wa ziwa ungeichana kama utando wa buibui. Lakini ndani ya ghala, milango ikiwa imefungwa, iliruka kwa uzi wa mpira uliosokotwa, taratibu, ikizunguka chini ya kenchi za paa kama kitu kinachofikiri. Baba alikuwa kijana, ndiye aliyemshikia vifaa.

“Na alikuwa mchafu!” baba alimalizia kila mara. “Anatafuna jojo kutwa. Ikiisha utamu anaitoa mdomoni, anaibandika kwenye pua ya ndege. Hivi, mbele ya watu!”

Tulicheka, mimi na mama, kila mara palepale.

Ndege yetu ilikuwa na vitu vyote vya nyumbani kwetu, na hilo ndilo lililonifanya niipende. Uti wa mgongo ulikuwa unyasi mmoja wa tete. Mbavu za mabawa zilikuwa mianzi iliyochongwa kwa wembe mpaka ukiiweka kwenye kiganja huisikii. Juu yake baba alitandaza mfuko wa nailoni, wa ile mifuko myembamba inayochachatika, iliyokuwa mipya wakati ule na mama alikuwa akiifua na kuianika kama nguo. Alibandika kwa solusheni ya viraka vya baiskeli, tone moja moja kwenye ncha ya unyoya wa kuku. Panga la mbele, lile linalozunguka na kuivuta ndege, lilikuwa gamba la mgomba, alililowesha, akalifunga kwenye chupa mpaka likakauka likiwa limejipinda. Mhimili ulikuwa waya wa kufungia lebo za magunia, na ili panga lizunguke bila kukwaruza, waya ulipita katikati ya ushanga mmoja wa mama, mwekundu. Mpira ndio ulikuwa taabu. Mpira wa tyubu ni mnene, ungeivunja. Tukafumua lastiki ya sketi ya mtumba, ndani yake mna nyuzi nyembamba za mpira, baba akazipaka mafuta ya nyonyo zisikatike. Na uzi wote wa kufungia aliuvuta kwanza juu ya bonge la nta ya nyuki, ukawa laini na ukashika. Ndiyo harufu ninayoisema.

Baba alipofanya kazi ya mikono alihamia kwenye Kiswahili. Nadhani ni kwa sababu kazi alijifunza kwa Kiswahili. Na neno lake lilikuwa moja.

“Punguza hapo,” alisema, akinipa wembe au akijiambia mwenyewe. “Bado. Punguza. Kitu hakiruki mpaka kipunguzwe.”

Nilikuwa na miaka minane, na nililichukua lile neno nikaliweka kando ya lile lingine la kwenye ungo wa mama.

Kwa kuwa mizani haikuwapo, alitengeneza nyingine ya kwake, unyasi uliofungwa uzi katikati, upande mmoja ndege, upande wa pili kisahani cha karatasi, na kwenye kisahani punje za mchele. Mchele wetu, mzima mzima, kila punje aliichagua. Mara ya kwanza ndege ilikuwa na punje mia na ishirini. Baada ya wiki moja, mia na saba. Kazi yangu ilikuwa kuhesabu kwa sauti, na nilikuwa naogopa kukosea kuliko nilivyoogopa kitu chochote shuleni.

Na wakati ndege ikipungua, baba naye alikuwa anapungua. Sibuni. Alitoboa tundu jipya kwenye mkanda wake kwa msumari, kisha jingine. Koti lake la kazini lilianza kuning'inia kama limetundikwa. Baba wa rafiki yangu Tumpe, aliyekuwa kuli kwenye bandari ya Itungi, alipunguzwa kabla ya baba, na wiki moja baadaye hakuonekana tena. Nilimuuliza Tumpe baba yake yuko wapi, akasema, “Ameondoka.” Basi. Kwangu hesabu ilikuwa imekamilika. Mtu anapunguzwa, anakuwa mwepesi, anaondoka. Nilianza kumsogezea baba vipande vyangu vya samaki.

“Gwe mwana, kula wewe,” alisema, akivirudisha.

Aliyenithibitishia ni baba mdogo Lusajo. Yeye alikuwa mtu wa kuvuka mto Songwe kuingia Malawi, anapeleka mchele Karonga, anarudi na sukari, sabuni na vitenge. Kule ng'ambo tulikuwa na shangazi, dada yao mkubwa, na nyumba yake ilikuwa kama chumba kingine cha nyumba yetu, ila tu kina mto na maaskari katikati. Baba mdogo aliingia ghalani asubuhi moja, akasimama kwenye zile boliti, akapiga kelele ili asikie mwangwi.

“Ugonile, karani wa hewa!”

“Ndaga,” baba aliitikia bila kuinua macho.

“Kaka, mizani wameondoka nayo, wewe umebaki kama hizi boliti. Kule Karonga kuna mfanyabiashara anatafuta mtu wa kupima mchele. Mtu anayejua. Nimemwambia ninaye. Mimi ninakuja kukuchukua, wewe unachonga vijiti na mtoto.”

“Nitakuja.”

“Lini?”

Baba aliipuliza ndege kuondoa vumbi. “Nikishairusha hii.”

“Hiyo?” Baba mdogo alicheka mpaka akakohoa. “Haya. Mama Sekela ni shahidi. Siku hiyo nzi wako akiruka, mimi na wewe tunavuka.”

Mama, aliyeitwa kwa jina langu, alikuwa mlangoni na chai ya baba. Hakucheka. Nami nilikuwa nimeshika wembe, na nilielewa kila kitu.

Kilichofuata kilinipa nafuu: ndege haikuruka. Baba aliufunga mlango, akasokota mpira mizunguko mingi, akaiachia kwa vidole viwili kama mtu anayemwachia kipepeo. Ikapanda hatua moja, ikainua pua, ikasimama hewani kama mtu aliyesahau alichotaka kusema, kisha ikarudi kinyumenyume na kukaa sakafuni kwa mkia. Tena. Vilevile. Baba aliiokota, akaitazama kwa muda, akasema, “Nzito. Tupunguze.” Akachonga pua. Kesho yake ikainua pua zaidi. Akachonga tena pua. Punje mia moja. Tisini na tano. Kila tulivyopunguza, ilizidi kukataa, na kila ilivyokataa mimi nilirudi nyumbani nikirukaruka.

Halafu akapatikana mpangaji. Mfanyabiashara wa mitumba alitaka ghala kuanzia Jumamosi, marobota yake yalikuwa njiani kutoka Mbeya. Baba aliambiwa akabidhi ufunguo siku hiyo. Kyela nzima haikuwa na nyumba nyingine kubwa isiyo na upepo. Kanisani kulikuwa wazi pande zote, madarasani dirisha halina kioo. Nilijua, kwa namna watoto wanavyojua, kwamba ndege isiporuka kabla ya Jumamosi haitaruka tena maisha, na baba atabaki.

Ijumaa jioni tuliipima mara ya mwisho. Nilihesabu kwa sauti, punje tisini na mbili. Baba aliandika kwa penseli kwenye ukuta wa ofisi yake, pale alipokuwa akiandika magunia. Kisha akaiweka kwenye boksi la sabuni, akaniambia nibebe mimi, kwa sababu mikono yangu haitetemeki.

Sijui kama mtu mwingine amewahi kupewa heshima akaitumia hivyo. Jumamosi asubuhi, kabla hajamaliza kunywa chai, nilikaa na lile boksi nyuma ya nyumba kwenye mikeka ya kokoa, na harufu yake ya siki ilikuwa inaniwasha pua. Nilikuwa na bonge la nta mfukoni. Nilikata kipande, nikakifinyanga mpaka kikawa laini. Sikutaka kuivunja ndege. Niliipenda ndege. Nilitaka tu iwe nzito. Nikatafuta mahali ambapo hapataonekana, na mahali penyewe palikuwa pale puani, nyuma ya panga, chini ya ule ushanga mwekundu. Nikakibandika na kukikandamiza kwa kidole gumba kwa nguvu zangu zote. Nikafunika boksi.

Ghalani alikuwepo baba mdogo, na saa yake mkononi, amekuja kushuhudia na kutania. Mama alikuja pia, ingawa hakuwa mtu wa kuja. Nje lori la marobota lilikuwa limeshafika, dereva amelala kwenye kivuli chake. Baba alifunga milango yote miwili. Mwanga ukabaki ule wa matundu ya misumari kwenye bati, nyuzi nyuzi, na vumbi likipanda ndani yake.

“Haraka karani, watu wana marobota,” baba mdogo alisema.

Baba hakuipima. Ndiyo mara pekee ninayoikumbuka baba kutokupima kitu. Alisokota mpira, akasimama katikati ya boliti nne, akaiachia.

Haikuinua pua. Iliondoka mbele, sawasawa, taratibu kiasi kwamba ungeweza kuhesabu panga likizunguka. Ikafika ukutani ikiwa inapinda, kana kwamba imeuona. Ikapanda. Ikapita kwenye uzi wa mwanga, nailoni ikang'aa, ikazimika, ikang'aa. Haikutoa sauti hata kidogo, na hicho ndicho kilichonishtua. Nilikuwa nimezoea kwamba kila kitu kinachokwenda kinapiga kelele. Ikazunguka mara moja, mara mbili, mara ya tatu ikiwa karibu na kenchi, na sisi wanne tukazunguka nayo chini, nyuso juu, midomo wazi, kama kuku wanaotazama mwewe.

“Dakika nzima,” baba mdogo alisema kwa sauti ndogo. Utani ulikuwa umemtoka. “Kaka. Dakika nzima.”

Mama aliweka mkono mdomoni. Ndege ikashuka mzunguko kwa mzunguko, mpira ukiisha, ikagusa sakafu ndani ya ile alama safi ya mraba, ikateleza kidogo, ikatulia. Kisha mama akapiga kigelegele kimoja, na ghala likakirudisha mara tatu.

Mimi nililia. Walidhani ni furaha. Baba mdogo aliniinua begani, akasema mtoto huyu ana akili ya ufundi, na mimi nikalia zaidi.

Baba aliiokota ndege. Nilimwona akiinyanyua, nikaona mkono wake ukisimama njiani. Alikuwa mtu wa kutaja uzito wa embe. Alinitazama juu ya bega la baba mdogo. Akaiweka ndege kwenye boksi.

“Jumatatu basi,” baba mdogo alisema.

“Jumatatu,” baba alisema, akaenda kumwamsha dereva.

Akavuka. Alikaa ng'ambo miaka mitano, akija kwa siku chache wakati wa kupanda na wakati wa kuvuna, na sukari, na sabuni, na Kiswahili chenye maneno ya kule. Kila mara alinikuta nimekuwa mrefu bila yeye. Nilisoma, nikafaulu, nikaenda bweni, nikaenda chuo, na muda wote huo nilibeba jambo moja ambalo sikumwambia mtu. Najua mtoto wa miaka minane hawezi kumvusha mtu mzima mpaka. Nimeshajieleza hivyo kwa kila namna. Lakini usiku wa mitihani, au nikiwa kwenye foleni ya usaili na kuhesabu vichwa vilivyo mbele yangu, kitu ndani yangu kilikuwa kikisema: kila unachoshika ili kibaki, wewe ndiye unayekirusha.

Basi baada ya ile barua nilifungasha, nikapanda basi la Kyela. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima, kuanzia mlimani mpaka joto la kwetu lilipoanza kuingia madirishani, na nilipofika yote yalikuwa yametawanyika.

Baba alirudi Mwaya zamani. Sasa anawapimia kokoa wakulima wa pale, kwa mizani ya kuning'iniza ile aliyokuwa akiidharau, na watu wanatoka mbali kwa sababu ni yeye. Alikuwa amekaa mkekani akisubiri chakula. Mama alikuwa bado jikoni. Nilimwamkia, nikakaa, na kabla sijapoteza ujasiri nikasema, “Baba, nimepunguzwa.”

Hakushtuka. Alinitazama tu, kuanzia usoni mpaka miguuni, kwa utulivu wake wa zamani.

“Na wewe,” alisema.

“Na mimi.”

Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza na nilikuwa nimechoka kubeba, nikamwambia na ile nyingine. Nta. Boksi. Kidole. Kwamba sikuiweka ili iruke.

Baba aliinuka kwa magoti yake mabovu, akaingia chumbani, akarudi na kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na vijiti. Mabawa yalikuwa yameliwa na mende, nailoni imekuwa ya njano na kupasuka. Lakini pua ilikuwepo, na ushanga mwekundu, na chini ya ushanga bonge la nta, limekauka na kuwa jeusi. Alilisogeza kwenye mwanga. Ndani ya nta kulikuwa na alama ya kidole, mistari yake yote, kidogo sana.

“Jioni ile niliipima,” alisema. “Punje tisini na nane. Sita zako.”

“Ulijua ni mimi?”

“Nani mwingine mwenye gumba hilo?” Akatabasamu kidogo. “Na nilijua hukuiweka iruke. Mtu anayetaka ndege iruke haikandamizi namna hii.”

Mawazo yangu, ambayo hayapumziki hata yakiachishwa kazi, yalikuwa yamekwenda mahali pengine. Yalikuwa yamemfikia yule Mzungu. Wiki nyingi, na kijana amesimama kando, ameshika vifaa, akimwona anatoa jojo mdomoni na kuibandika. Kila mara palepale puani, pale ambapo uzito kidogo huizuia ndege isiinue pua. Na kijana huyo ni mtu ambaye kazi yake yote ni kujua mkono wa mizani unaelemea wapi. Na kijana huyo, miaka baadaye, asubuhi baada ya asubuhi, anachonga pua.

“Baba,” nilisema. “Ile jojo ya Mzungu. Ulijua kazi yake?”

Mama aliingia na sinia la wali, akaliweka katikati, akatoka kufuata samaki. Mvuke wake ulisimama kati yetu. Baba alinawa mikono, taratibu, kidole kwa kidole.

“Karani wa mizani gani,” alisema hatimaye, “asiyejua upande upi ni mwepesi?”

Nilimwona tena ghalani, na wembe wake, akitafuta siku moja zaidi ya kukaa nasi, kisha nyingine, na mimi upande wa pili nikitafuta hizo hizo.

Alichukua upawa, akaujaza mpaka ukafurika, akaumimina kwenye sahani yangu. Kisha akanishika mkono juu ya kifundo, akaunyanyua kidogo, kama alivyokuwa akinyanyua vitu vya watu, akausikiliza.

“Umepungua,” alisema. “Kula.”